Twita za Mzee Rula

Mume wangu wanamwita Mzee Rula, na jina hilo amelitolea jasho. Mlango akiutengeneza yeye haukwaruzi sakafu, na droo yake haisukumwi kwa goti. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu. Mbele ni kwake: meza ya jiriwa, randa, patasi, msumeno wa umeme, vumbi hadi kwenye kope. Nyuma ni kwangu: cherehani, marobota ya sponji na vitambaa vya makochi. Katikati tumetundika pazia zito ili vumbi lake lisije likalala kwenye vitambaa vya wateja wangu. Tumeishi hivyo tangu binti yetu hajaota meno, na sasa binti mwenyewe ana duka lake.

Haya ninayoyasimulia yalitokea wakati nilipokuwa nimeshaamua kuondoka.

Sikuwa nimepigwa wala kutukanwa, na mwanamke mwingine hakuwepo, maana huyo ningemjua kwa kunuka gundi ya mume wangu. Ilikuwa ni kutojibiwa. Nikimwambia chai tayari, kimya. Nikimuuliza yule mtu wa kabati kasema nini, ananieleza bei ya mbao. Nikimwambia mgongo unaniuma tangu juzi, anasema "Ndiyo, ndiyo," halafu anaondoka zake. Wateja wakisimama mbele yake aliwasikiliza vizuri tu, tena huku amewakodolea macho usoni kama mtu mwenye adabu zake. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nampigia mbuzi gitaa ndani ya nyumba yangu. Mume mkali unaweza kumzoea. Mume aliyekufuta, huyo sikujua nimfanye nini.

Siku moja, mimi nikiwa nyuma ya pazia na yeye anapiga randa, nilimwambia waziwazi. Nilimwambia dada yangu amebaki peke yake tangu wanawe waondoke, ana chumba kitupu, ananitaka nikakae naye, na mimi nimekubali. Kazi zilizopo zikiisha, naenda. Nilisema bila kupandisha sauti, kwa sababu mambo mazito sijazoea kuyapigia kelele. Randa haikusimama. Nikangoja. Randa iliendelea kwenda na kurudi, maranda yakaendelea kudondoka sakafuni. Nikasema moyoni, haya, nimejibiwa. Jioni ile nilianza kutenga nguo zangu.

Wiki hiyohiyo binti yetu akaja na kazi mpya. Tunamwita Waya kwa sababu utotoni hakuna redio iliyopona mikononi mwake, na sasa watu wanamlipa kwa tabia ileile tuliyokuwa tunamchapia. Mwalimu mmoja wa muziki alikuwa amemwagiza jozi ya spika za darasani, za kusikiliza kwa utulivu, si za kutikisa mtaa. Vifaa vya ndani Waya atavileta, maboksi atengeneze baba yake, pamba na kitambaa ni mimi. Mpaka leo anakana kwamba alitupa kazi hiyo makusudi ili tukae meza moja.

"Tueleze kama watu wasiojua kitu," Mzee Rula alimwambia, huku akifuta meza kwa mkono.

"Si *kama*," nilisema. "Hatujui kitu."

Waya alicheka, akatoa kwenye mfuko spika moja kubwa kama sahani ya chai. "Hii ni woofa. Mnaiona hii koni ya karatasi? Ikienda mbele na kurudi nyuma inasukuma hewa, na hewa ikisukumwa ndiyo sauti. Huku nyuma kuna sumaku. Hapa katikati kuna koili, waya mwembamba umezungushwa na kugandishwa kwenye koni. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaivuta na kuisukuma, na koni inafuata. Spika nzima ni hiyo, mengine ni nakshi."

"Sasa boksi la nini?" niliuliza. "Si tuitundike ukutani tumalize kazi."

Waya aliunganisha woofa na amplifaya yake ndogo, akaishika mkononi ikiwa tupu, akawasha muziki. Ilitoka sauti kavu, nyembamba, ya kitu kinachoimbia ndani ya kopo. Kisha akachukua kipande kipana cha plaiwudi chenye tundu la duara, akaibandika woofa kwenye tundu, na ghafla gitaa la besi likaingia chumbani. Hakuwa amegusa kitufe chochote. Nilikiri moyoni kwamba shule aliyosoma haikula ada yetu bure.

"Koni ikisukuma hewa mbele, huku nyuma inaivuta," alisema. "Ikiwa tupu, hewa ya mbele inazunguka ukingoni na kwenda kujaza pengo la nyuma, na sauti nzito inafia hapohapo. Boksi linazitenganisha."

Mzee Rula alikuwa ameweka vidole viwili kwenye ukingo wa koni, anaisikilizia ikitetemeka. "Kwa hiyo boksi lisivuje."

"Lisivuje hata pumzi, Baba."

Nilimwona mtu amefurahi. Maisha yake yote amebana viungo vya mbao hata unyoya usipite, na watu wanamlipa sawa na yule mwenzake anayeziba nyufa kwa vumbi la msumeno na gundi. Sasa amepata kazi ambayo ufa mmoja unaiharibu yote. Waya akamwonyesha jambo jingine lililompendeza zaidi: ukigusisha betri ndogo kwenye miguu ya woofa, pale waya zinapoungwa, koni inaruka. Ikiruka mbele, unajua upande gani ni chanya, na lazima maboksi yote mawili yaungwe sawa, la sivyo moja litasukuma wakati jingine linavuta, na besi itapotea tena. Mzee Rula aligusisha betri hiyo mara nyingi mpaka nikamkumbusha kwamba ni ya saa ya ukutani.

"Na hii ndogo?" aliuliza.

"Hiyo ni twita. Woofa ni nzito, haiwezi kukimbia haraka. Sauti nyembamba zote zinatoka hapa: matoazi, na ncha za maneno, zile *s* na *f* na *t*. Hii kapasita inakaa njiani kuzuia sauti nzito isiingie kwenye twita ikaichana. Hii koili nene inakaa kwenye njia ya woofa na kufanya kinyume chake. Kila mmoja anapewa anachokiweza."

Tukaanza kazi. Mzee Rula alikata plaiwudi, akatia gundi, akabana kwa vishikizo, akapaka gundi tena kwenye pembe za ndani. Boksi lilipokauka na woofa ikafungwa, aliisukuma koni kwa vidole, taratibu, na ilirudi polepole, kwa sababu hewa ya ndani haikuwa na pa kutokea. Aliniita nione. Mimi nilileta vitambaa vyangu na kuvipima kwa kuvipulizia: kitambaa kinachopitisha pumzi kinapitisha na sauti, kwa hiyo mahameli yangu mazuri yalirudi kabatini na kitambaa cha bei rahisi kikapata kazi. Pamba nilishindilia kwa nguvu, kama ninavyoshindilia mito. Waya alipokuja kukagua aliitoa nusu nzima.

"Mama, humu hakai mtu," alisema. "Iache ipumue, kazi yake ni kunywa mwangwi tu."

Siku hizo mimi na mume wangu tulikuwa tumesimama meza moja, boksi katikati, tunatazamana. Na alikuwa ananijibu. Nikimuuliza kitu, anajibu hichohicho nilichouliza. Nikitania, anacheka mahali pa kucheka. Ungedhani nilifurahi. Nilichukia kuliko mwanzo, maana niliona kwamba kumbe akitaka anaweza. Nikirudi tu nyuma ya pazia langu, mambo ni yaleyale. Usiku nilikunja nguo nyingine.

Halafu zikaja twita.

Mzee Rula ni mtu wa kupima kitu kimojakimoja. Alipomaliza kuunganisha boksi la kwanza alitoa waya wa woofa ili asikilize twita peke yake, akawasha muziki kwa sauti ya chini, akainama akaweka sikio. Akanyoosha mgongo.

"Imekufa," alisema.

Akaenda boksi la pili. "Na hii imekufa."

Mimi nilikuwa kwenye cherehani, na kutoka kulekule nilizisikia, nyembamba, zikinong'ona kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. "Inalia hiyo," nilisema. Sikujibiwa. Nikatoka, nikasimama mbele yake. "Inalia."

"Hailii, Bibie. Nimeweka sikio langu hapa."

Niliinama mimi. Ilikuwa inalia vizuri kabisa. Nikamwambia tena, naye akatabasamu kwa upole, ule upole wa kumwacha mtoto aamini anachotaka, akasema labda nasikia redio ya jirani. Nilirudi kwenye kiti changu.

Alimpigia Waya simu kumwambia ameuziwa vifaa vibovu. Waya akagombana na muuzaji, muuzaji akaapa, mwisho akatoa jozi nyingine bila kudai ile ya kwanza. Hizo nazo Mzee Rula akazitangaza maiti. Moja aliipasua kwa kisu ili aone ugonjwa, akakuta waya mwembamba kuliko unywele, akaukata bila kutaka, akasema ndiyo hapa palipokatika. Mimi nilimwambia Waya kwenye simu kwamba twita zinalia, akasema, "Mama, Baba akisema milimita ni milimita." Katika nyumba ile neno la Rula kuhusu kipimo lilikuwa halina rufaa. Basi nikanyamaza. Nilishajua ninachojua: mtu huyu ameamua kwamba nikisema nyeupe atasema nyeusi, hata kwa kitu kinacholia mbele yetu wote. Nilimpigia dada yangu nikamwambia Ijumaa nipo kwake. Begi nilifunga zipu.

Alhamisi asubuhi Waya alikuja na kipimo chake cha umeme. Mwalimu alikuwa anasubiri spika zake, na muuzaji alikuwa ameanza kumwita majina. Aligusisha ncha zake kwenye kila twita, akatazama namba, akakunja uso.

"Baba, ukiacha hii uliyoipasua, hizi zote ni nzima."

"Haiwezekani."

Akaunganisha moja, akawasha. Mchele ukaanza kupepetwa. Waya akanitazama, nikaitikia kwa kichwa kwamba nasikia. Mzee Rula akainama akaweka sikio, akakaa hivyo kitambo, kisha akageuza shingo akaziona nyuso zetu mbili.

"Hamna kitu," alisema, lakini safari hii taratibu.

Waya alizima amplifaya. Aliitafuta simu yake mfukoni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hebu tucheze kidogo," alisema. "Nitapiga mlio mmoja kwenye spika. Utaanza mzito, utapanda polepole. Kila mtu afumbe macho. Ukiacha kuusikia, inua mkono."

Mimi sikufumba. Sina imani na michezo ya kufumba macho. Mlio ulianza chini, wa kuguna, ukapanda ukawa wa filimbi, na ulipokuwa bado filimbi nene tu, ya kusikika na mtu aliye barabarani, mkono wa mume wangu ukanyanyuka.

Nilidhani anatutania. Mlio ulikuwa umejaa chumba kizima. Ukaendelea kupanda, ukapita matoazi, ukawa sindano, na bado nausikia, na yeye amesimama macho yamefumbwa, mkono wenye vumbi uko juu, anatusubiri. Waya aliitazama simu, hakuitazama sura ya baba yake. Mlio ulipanda muda ambao sikujua unaweza kuwa mrefu hivyo. Hatimaye ulinitoroka na mimi, nikainua mkono wangu. Waya akazima.

Mzee Rula alifumbua macho, akaona mikono. "Nani ameshinda?" aliuliza.

Niliushusha mkono wangu, Waya akatazama sakafu, na nadhani hapo ndipo alipoelewa. Alikaa kwenye kigogo chake.

"Ni msumeno, Baba," Waya alisema, akiwa amechuchumaa mbele yake. "Miaka yote hii hujaziba masikio. Sauti nyembamba ndizo zinazoanza kuondoka, na hazirudi. Lakini kuna daktari, kuna vifaa vya kuvaa. Tutakwenda."

"Mbona nakusikia unavyoongea?"

"Unanisikia nusu, nusu nyingine unaisoma mdomoni."

Akafikiri. "Huyu," alisema, akinielekeza kidole, "huyu simsikii vizuri."

Waya akasimama, akaniletea simu mdomoni. "Mama, sema chochote. Ongea unavyoongea ukiwa kwenye cherehani." Nikasema yaliyonijia: chai iko tayari, mgongo unaniuma, mtu wa kabati amepita. Akarekodi. Kisha alichomoa twita, akaacha woofa peke yake, akaongeza koili nyingine kwenye njia yake, kisha nyingine, huku akijaribisha mlio mpaka ukakatika palepale mkono wa baba yake uliponyanyuka. Boksi akalibeba hadi nyuma ya pazia.

"Kaa huku mbele, kando ya Baba, usikie anavyosikia yeye," aliniambia.

Nilileta kigoda changu, nikakaa. Kutoka nyuma ya pazia ilikuja sauti ya mwanamke. Nilijua ni yangu kwa jinsi inavyopanda na kushuka. Nilijua anasema jambo, na kwamba si la dharura. Maneno hayakuwemo. Ilikuwa ni mvumo wenye majonzi kidogo, ya mtu anayeongea peke yake chumba cha pili, na mimi niliyeyasema mwenyewe dakika chache kabla sikuweza kutenganisha chai na mgongo. Huyo mwanamke angeniuliza kitu, ningesema "Ndiyo, ndiyo," halafu ningeendelea na kazi.

Machozi yalinitoka, na sikuyaficha. Nilikuwa nimemwonea huruma na nimemkasirikia kwa wakati mmoja. Waya alisema anakwenda kununua risasi ya kulehemu, ingawa niliiona imejaa kwenye mfuko wake, akatoka na kufunga mlango.

Niligeuka nikamtazama mume wangu usoni. "Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Sikujua ni mimi." Alikuwa anatazama viganja vyake. "Wateja nawasikia. Waya namsikia. Ni sauti yako tu iliyokuwa inakwenda kidogokidogo. Nilidhani ni wewe umeishusha. Nikasema amenichoka, siku hizi anaongea na cherehani yake. Nikaona nisiwe namsumbua mtu, umesema nini, umesema nini, kutwa nzima."

Miaka mingapi, sijui. Mmoja huku, mmoja kule, kila mtu anamheshimu mwenzake kwa kunyamaza. Nilivuta kigoda changu hadi karibu na dirisha ili mwanga uniangukie usoni, nikamwambia asogee.

"Kuna neno nilikuambia," nilisema. "Ulikuwa unapiga randa."

"Lini?"

"Kabla ya spika."

Aligeuka akaitazama randa juu ya meza. "Na mimi nikajibu nini?"

"Hukujibu kitu."

"Na wewe ukachukuliaje?"

"Nikachukulia nimejibiwa."

Alisogeza kigogo chake mpaka magoti yetu yakagusana, akayatuliza macho yake kwenye midomo yangu. "Liseme tena," alisema.

Nikalisema, polepole, jinsi lilivyokuwa: dada yangu amebaki peke yake, ana chumba kitupu, amenitaka nikakae naye, na nimekubali. Nilipofika kwenye kuondoka niligeuza uso nikatazama dirishani. Siku ile lilinitoka jepesi, nikimwambia pazia.

"Malizia," alisema.

"Kazi hii ikiisha, naenda. Ijumaa."

"Hapana," alisema Mzee Rula. "Usiende. Hata siku ile ningekuambia usiende."